Daraja la Kyambuli na Serikali Zake Tatu

Kwa furaha kubwa, na bila kulazimishwa na mtu yeyote, Ofisi ya Majaribio ya Mifumo ya Dola, tawi la Butembo, iliwatangazia wakaaji wote wa bonde la Kyambuli kwamba kuanzia Jumatatu ile, saa mbili kamili asubuhi, daraja lao lingetawaliwa na serikali tatu badala ya kutotawaliwa na yoyote. Tangazo lilisomwa kwa kipaza sauti mara mbili: kwa Kifaransa ili liwe halali, na kwa Kiswahili ili lieleweke. Kisha likabandikwa kwenye mkalitusi kando ya njia. Mbuzi akala kifungu cha tatu na cha nne, na nakala mpya ikabandikwa juu kidogo.

Aliyelitunga tangazo hilo alikuwa Bwana Éliakim Muyisa, mkuu wa ofisi a.i. Herufi hizo mbili za mwisho hatuwezi kuzipita hivihivi, maana ndizo zilizomnyima usingizi. Maana yake ni mtu aliyekalia kiti kwa muda tu, mpaka mwenye kiti apatikane. Éliakim alikuwa amekikalia kwa muda wa miaka kumi na moja. Kiti chenyewe kilikuwa kimebadilishwa mara mbili kwa kuchakaa, lakini herufi zilibaki imara. Zilikuwa kwenye muhuri wake na kwenye mlango wake. Alipotimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa, wanakwaya wa parokia walimletea keki iliyoandikwa kwa sukari ya waridi, «Papa Éliakim, Mume, a.i.», na mkewe akakataa kuikata.

Basi unaweza kuelewa jinsi moyo ulivyomdunda siku ilipofika barua kutoka mji mkuu. Barua ilisema kwamba taifa limechoka kubishana juu ya mifumo ya dola kwenye makaratasi. Kila tawi lichague mahali, lipime kwa vitendo mifumo mitatu, na kulinganisha. Wa kwanza ni mfumo wa umoja, ambamo kila amri hutoka katikati. Halafu kuna shirikisho, ambamo kila sehemu ina mamlaka yake yaliyoandikwa katika katiba wala katikati haiwezi kuyagusa. Na mwisho jumuiya ya madola, ambamo kila mmoja anabaki mkubwa nyumbani kwake, lakini wanakubaliana kuwa na kikao kimoja kilicho juu ya wakubwa wote. Tawi litakalofanya vizuri litatembelewa na Mheshimiwa Inspekta Mkuu mwenyewe, na mkuu wake atakabidhiwa, mkono kwa mkono, hati ya kumthibitisha kazini. Hakuna a.i. tena.

Éliakim aliisoma amesimama, akaketi, akaisoma tena. Kisha akafunga mlango, akalia kidogo. Katika daftari la siku aliandika kwamba kuanzia saa nne hadi saa nne na robo kulikuwa na mashauriano ya ndani.

Alipofungua mlango, alimkuta Malachie, katibu wake, mwanaume wa miaka hamsini mwenye mvi na subira, ameshika barua yake. Kila mwaka Malachie aliandika kuomba athibitishwe, kwa kuwa naye alikuwa katibu a.i., mwaka wa sita sasa.

«Chef, ni ile barua yangu ya kila mwaka,» alisema Malachie.

«Malachie, mara ngapi nitakuambia? Kifungu cha kumi na saba. A.i. hawezi kuthibitisha a.i.»

«Najua, Chef. Nakuya tu kuuliza kama kifungu kingali kizima.»

«Kingali kizima kabisa.»

Malachie akashukuru, akaenda kuiweka barua kwenye faili pamoja na dada zake watano.

Sasa ofisi haikuwa na nchi ya kufanyia majaribio. Ilikuwa na meza mbili, muhuri mmoja, na dirisha linalotazama daraja la Kyambuli. Daraja hilo ni la magogo mawili ya mkalitusi yaliyolazwa juu ya kijito, na juu yake mbao kumi na nane zilizopigiliwa misumari. Ng'ambo ya juu kuna ofisi, parokia na nyumba za watu. Ng'ambo ya chini kuna soko, na barabara ya kwenda Beni. Éliakim alizihesabu zile mbao kutoka dirishani, akagundua kwamba kumi na nane inagawanyika kwa tatu. Aliona hiyo ni dalili.

Mbao sita za kwanza, za upande wa ofisi, zikawa Dola ya Umoja. Sita za katikati zikawa Shirikisho. Sita za mwisho, za upande wa soko, zikawa Jumuiya. Mtu akitoka nyumbani kwenda kununua chumvi, alihama nchi mara mbili kabla hajafika.

Matatizo hayakuwako. Yalikuwako matokeo ya awali, na la kwanza lilitokea siku ya tatu, ubao wa nne ulipong'oka msumari ukaanza kucheza kama jino bovu. Aliyekuja ofisini ni Mama Kanyere, mwanamke mnene wa sauti tulivu, anayeleta viazi kutoka Musienene na kuviteremsha sokoni karibu kila siku. Alisimama mbele ya meza, na maji yakamchuruzika kutoka kwenye kitenge mpaka sakafuni.

«Jambo, Chef.»

«Jambo, Mama Kanyere. Uko na audience ya kuniona?»

«Miye niko na magulu ya maji,» alisema Mama Kanyere. «Ubao ya ine imetoka musumari. Donc nakuya kuomba musumari moya. Nyundo iko, Papa Kahongya anaichungaka ku nyumba.»

«Mama, ule musumari ni ya katikati.»

«Hapana, Chef. Iko ya pembeni. Pembeni ya kushoto.»

«Nasema ni ya serikali ya katikati. Pale ni mufumo ya umoja. Weye unaandika ombi, miye natia muhuri, inashuka Beni, inapanda ndege, inafika kule, bakubwa banasoma, kiisha inarudia njia ileile.»

«Na ile wakati yote tunapita wapi?»

«Chini.»

«Mu maji?»

«Mu maji hapana mufumo, Mama. Kule muko huru.»

Mama Kanyere akakamua pindo la kitenge, akatoka. Ombi liliandikwa, likapigwa muhuri, likaenda. Jibu lilirudi baada ya siku kumi na mbili, jambo ambalo Éliakim alilisifu kama kasi isiyopata kuonekana. Msumari ulikuwa umekubaliwa, kwa ubao wa ishirini na mbili. Ofisi ikatumia siku iliyobaki kuutafuta ubao wa ishirini na mbili.

Katika Shirikisho mambo yalikwenda kwa uhuru zaidi. Mbao sita zilipewa familia sita, na Éliakim akatunga katiba ya vifungu arobaini na kimoja. Katiba iligawa mamlaka kwa uangalifu mkubwa: mbao ni za familia, mapengo kati ya mbao ni ya shirikisho. Kila familia ikatunga sheria zake. Mama Jokébed, mjane msafi kupita kiasi, alipewa ubao wa tisa, naye akaamuru kwamba hakuna mtu kuukanyaga na viatu, kwa sababu anaupiga deki kila asubuhi. Ubao wa kumi ulikuwa wa Papa Syauswa, Msabato, naye aliufunga kuanzia jua kuzama Ijumaa mpaka jua kuzama Jumamosi. Ubao wa kumi na moja ulikuwa wa Papa Kahongya, Mkatoliki, ambaye hakutaka kupitwa na jirani, akaufunga wake Jumapili.

Jumuiya ndiyo iliyokuwa na heshima kubwa kuliko zote. Mbao zake zilikuwa mali ya familia nane za ng'ambo zote mbili, kila moja ikibaki na enzi yake, na uamuzi wowote ulihitaji wote wanane wakubali. Walikutana kila Alhamisi, wakala maharagwe, wakasikilizana. Ubao wa kumi na tano ulipovunjika chini ya motari, dereva wa pikipiki, aliyebeba magunia mawili ya makaa, Jumuiya ilieleza masikitiko yake makubwa. Alhamisi iliyofuata iliyaeleza tena. Saba walitaka ubao mpya uwekwe mara moja. Wa nane, Papa Siméon, alipinga. Hakuwa na neno na ubao. Ila katika kikao cha kwanza salamu zilipotolewa, yeye alirukwa.

«Basi tumusalimie sasa,» alisema mmoja.

«Salamu ya kulazimishana, hapana,» alisema Papa Siméon, na kikao kikaahirishwa.

Wakati huo akina mama wa viazi, akina baba wa mbuzi na watawa wawili wa zahanati walivuka kwenye mawe ya kijitoni, maji ya Butembo yakiwauma vifundoni, na nyinyi mnajua maji ya Butembo asubuhi. Éliakim aliwaona kutoka dirishani. Sitasema kwamba moyo haukumchoma. Ulimchoma, akasogeza pazia, kisha akaandika katika taarifa yake: «Katika wiki tatu za majaribio, hakuna ajali hata moja iliyotokea juu ya daraja.» Hilo lilikuwa kweli tupu, kwa kuwa juu ya daraja hakukuwa na mtu.

Taarifa iliufurahisha mji mkuu. Inspekta Mkuu akatuma habari kwamba atatua Beni siku ya Ijumaa, atalala huko, na Jumamosi asubuhi atapanda Butembo kukagua na kukabidhi hati. Saa nane mchana lazima awe amerudi Beni kwenye ndege.

Éliakim alikubali tarehe hiyo kwa barua, kwa simu na kwa mdomo. Hapo ndipo lilipofanyika kosa, na ni kosa ambalo katika Butembo nzima angeweza kulifanya yeye peke yake. Jumamosi ni siku ya salongo. Inapopigwa firimbi saa mbili, maduka yanafungwa, pikipiki zinasimama, na kila mtu aliye na mikono anatoka na jembe, nyundo au sepetu, kutengeneza kile kilichoharibika mahali anapoishi. Anayekutwa njiani anapewa kazi palepale, hata awe nani. Kila mtoto anajua hilo, na alijua pia kwamba Jumamosi zilizotangulia zilikuwa za barabara ya soko, na hii ilikuwa zamu ya daraja. Lakini Éliakim, kwa heshima ya cheo, alikuwa na kadi ya msamaha wa salongo miaka kumi na moja. Jumamosi alikuwa analala mpaka saa tano. Alikuwa ameisahau salongo kama mtu anavyosahau ugonjwa aliokwisha kupona.

Jumamosi ilipofika, kulikuwa na ukungu mpaka kwenye mabati. Éliakim alisimama ng'ambo ya juu, suti nyeusi, viatu vipya, Malachie nyuma yake na bendera ndogo. Saa moja na nusu gari jeupe lilisimama ng'ambo ya chini, akashuka Inspekta Mkuu. Alikuwa mtu mrefu, mwenye shati la mikono mifupi, kwa sababu Beni alikolala kuna joto na kakao, na hakuna aliyemwambia kwamba mwendo wa saa mbili tu kutoka pale watu wanavaa makoti. Alikuwa anatetemeka kwa staha. Mkononi alishika mkoba wa ngozi, na Éliakim alijua kilichokuwa ndani.

«Monsieur le chef de bureau,» aliita Inspekta kutoka ng'ambo. Kiswahili alikijua tangu alipofanya kazi Lubumbashi. «Nakuya mwenyewe. Nataka kujionea mifumo.»

«Karibu, Excellence. Pita tu.»

Inspekta alikanyaga Jumuiya. Wajumbe wanane walikuwa pale, wamevaa vizuri, na kwa kuwa mgeni hakuwa mwanachama, walimruhusu kuingia kama mtazamaji, jambo lisilohitaji kura. Aliruka pengo la ubao wa kumi na tano, akalisifu kuwa na uwazi. Akaingia Shirikisho, akapita ubao wa kumi na mbili, akafika wa kumi na moja, wa Papa Kahongya. Papa Kahongya, mzee mwenye miwani mizito, alimpungia mkono. Hapo mbele ya Inspekta kulikuwa na ubao wa kumi, na juu yake kibao kidogo: «Sabato. Imefungwa.»

Upande wa pili Éliakim alikuwa anakuja mbio za kiofisa. Aliruka ubao wa nne uliokuwa unacheza, akafika wa tisa, akavua viatu vipya kwa ajili ya Mama Jokébed, akasimama na soksi mbele ya kibao kilekile. Kati ya mtu na hati yake palikuwa na ubao mmoja, upana wa mguu.

«Mwenye ubao iko wapi?» aliuliza Inspekta.

«Ku kanisa, Excellence. Banatoka saa sita.»

«Donc nitakupa hati hivi, kwa mukono. Nyosha.»

Éliakim alinyosha mkono. Kisha akaurudisha, na uso wake ukajaa uchungu wa mtu anayejua sheria. «Excellence, itapita juu ya ubao. Na katiba, kifungu cha ishirini na nane, inasema hewa ya juu ya ubao ni ya mwenye ubao.»

«Nani aliandika vile?»

«Ni miye.»

Inspekta alifikiri, akatikisa kichwa kwa heshima, maana yeye pia alikuwa mtu wa sheria. Akasema basi atarudi ng'ambo, atazunguka chini kwa mawe. Akageuka. Lakini alikuwa ameshatoka katika Jumuiya, na mwenyekiti wa zamu, kwa upole mkubwa, alimkumbusha kwamba kuingia tena kunahitaji kura ya wote wanane. Kura ikapigwa. Saba walikubali. Papa Siméon aliuliza kwa nini mheshimiwa alipita hapa asubuhi hii bila kumsalimu.

Éliakim naye akageuka kurudi ofisini. Malachie alikuwa amesimama kwenye ubao wa sita, mpakani, bendera mkononi.

«Chef, kuingia mu Dola ya Umoja inaomba amri ya katikati. Na muhuri.»

«Katikati ni miye, Malachie. Muhuri iko mu tiroir ya meza. Kimbia, ulete.»

«Kutoa muhuri mu bureau ni kazi ya katibu, Chef,» alisema Malachie pole pole. «Lakini miye niko a.i.»

Wakuu wawili walibaki wamesimama kwenye ukungu, mmoja anatetemeka, mwingine na soksi, wakitazamana juu ya ubao wa mtu aliyeko kanisani. Inspekta akatazama saa. Éliakim akamwona anatazama saa. Alisema waziwazi, kwa sauti ambayo haikuwa ya kiofisa hata kidogo: «Excellence, tafadhali usiende.»

Ndipo ikalia firimbi.

Walitoka kila upande. Akina mama na majembe, vijana na sepetu, wajumbe wa Jumuiya wakavua makoti, watawa wakapandisha mikono ya kanzu. Mama Kanyere alikuja mbele na kikapu cha misumari kichwani. Nyuma yake alikuja Mama Rébecca, mke wa Papa Syauswa, akiburuta ubao mpya wa mkalitusi.

«Mama Rébecca, hauko ku kanisa?» aliuliza Éliakim.

«Niliacha kidogo, nilete hii. Papa alifanya salongo ya kwake jana, aliranda ubao. Anasema kwa Sabato, ubao ya kumi imefungwa. Lakini kwa salongo, mupite. Batu balikuwa banapita pale zamani, mbele ya Sabato yenu ya bureau kuanza.» Akauweka ubao chini, akarudi kanisani.

«Mama,» alisema Éliakim kwa Mama Kanyere, «miye niko na kadi ya kutofanya salongo.»

«Iko wapi?»

«Mu tiroir.»

«Ah,» alisema Mama Kanyere, akamtazama Malachie. Malachie akatazama ukungu.

Kwa hiyo Éliakim alipewa nyundo. Papa Kahongya ndiye aliyemkabidhi, nyundo ya salongo yenye mpini uliong'aa kwa mikono ya watu. Inspekta Mkuu aliteremshwa kijitoni kubeba mawe ya kushindilia magogo, kwa kuwa alikuwa mrefu na alikuwa anasikia baridi.

«Hii kazi iko chini ya mufumo gani?» aliuliza Inspekta, maji yamemfika magotini. Aliuliza kwa dhati. Alikuwa amesafiri nchi nzima kutafuta jibu. «Nani anatoa amri? Ni umoja? Ni shirikisho?»

«Ni Jumamosi, Papa,» alisema Mama Kanyere, akamwongezea jiwe.

Sasa nitasema jambo ambalo halimo katika taarifa yoyote. Baba yake Éliakim alikuwa seremala kule Alimbongo, na mkono haukuwa umesahau. Msumari wa kwanza, wa ubao wa nne, uliingia kwa mapigo matatu, ukakaa. Éliakim akaukanyaga ubao kwa soksi zake. Haukucheza. Akaukanyaga tena, akacheka peke yake kama mtoto aliyepewa nyama kubwa. Alipopita ubao wa kumi akaondoa kile kibao cha Sabato ili kisimsumbue, akakiweka pembeni kwa adabu, kisha ubao mpya wa kumi na tano akaupima kwa jicho, akaupigilia. Papa Siméon alikuwa anamshikia ubao upande wa pili. Éliakim alisema, «Jambo, Papa Siméon, habari ya kwako,» kwa sababu ndivyo mtu anavyosema akiwa na kazi mkononi. Papa Siméon alijibu kwamba ni nzuri, na Jumuiya ikapata muafaka wake wa kwanza bila kikao.

Saa nne firimbi ililia tena. Mama mmoja alivuka na gunia la viazi kutoka ubao wa kwanza mpaka wa kumi na nane bila kusimama, bila karatasi, akamwachia Mama Jokébed matope ya vidole vitano. Mama Jokébed alikuja na deki yake, akanung'unika, akapiga deki.

Wakuu wakakutana kwenye ubao wa kumi. Inspekta alikuwa na matope mpaka mapajani, na hakuwa anatetemeka tena. Alifungua mkoba, akatoa hati, akaisoma kwa sauti mbele ya watu wote: kwamba Bwana Éliakim Muyisa anathibitishwa kuwa mkuu wa ofisi, kuanzia leo, moja kwa moja. Watu wakapiga makofi. Éliakim alipokea karatasi kwa mikono miwili, akaitazama kwa upendo kutoka juu mpaka chini. Chini alikuta saini nzuri, na chini ya saini jina, na chini ya jina cheo: Inspekta Mkuu, a.i.

Aliisoma mara mbili. Macho yakamjaa maji.

«Excellence,» alisema, «hii hapa chini ni nini?»

Inspekta alikohoa. «Ni mambo ya muda.»

«Muda ngapi?»

«Miaka kumi na ine,» alisema Inspekta, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilikuwa ya mtu wa kawaida. «Banasema bale bakubwa banangojea mwenyewe apatikane.»

Malachie alikuwa amesimama karibu. Hakucheka, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Alisema tu, taratibu, kama mtu anayesoma misa: «Kifungu cha kumi na saba. A.i. hawezi kuthibitisha a.i.» Kisha akauliza, «Chef, kingali kizima?»

«Kingali kizima kabisa,» alisema Éliakim. Alikunja hati mara nne, akaiweka mfukoni, akamwendea Mama Kanyere kumrudishia nyundo.

Mama Kanyere hakuipokea. «Papa Kahongya macho imechoka,» alisema. «Wiki iliyopita alipiga kidole ya shemeji yake. Tulikuwa tunatafuta mushika nyundo.»

Éliakim alisimama na nyundo yake hewani. «Kwa muda?» aliuliza.

«Muda ya nini? Musumari inashika ao haishike. Weye umepiga, inashika. Nyundo ni ya kwako.» Akageukia watu. «Ama namna gani?»

Watu wakasema ndiyo, Papa Siméon akiwa wa kwanza. Hakukuwa na muhuri wala kipaza sauti. Papa Kahongya alifuta miwani, akampa mkono. Éliakim alitaka kutoa hotuba, na hotuba alikuwa nayo, kurasa tatu, lakini alichoweza kusema ni «Wasingya», asante ya nyumbani kwao. Kisha akavaa viatu vyake vipya juu ya soksi zilizojaa matope, akamwambia Malachie kwamba Jumatatu watazifuta zile herufi mlangoni, na waandike «Mshika Nyundo», hakuna kingine nyuma yake.

Dereva wa Inspekta akapiga honi ng'ambo ya chini, maana ndege ya Beni haingojei. Inspekta alifunga mkoba. Akaanza kuondoka, akafika ubao wa kumi na tatu, akasimama, akarudi. Alimkaribia Mama Kanyere akateremsha sauti ili Éliakim asisikie.

«Mama, hapana nafasi ingine?»

Mama Kanyere alimkagua kutoka viatu mpaka kichwa, bila haraka, kama anavyokagua gunia la viazi kabla hajalinunua.

«Iko moya,» alisema. «Ya kubeba majiwe. Lakini ile, Papa, tunaanzaka na a.i.»